Kitufe cha Tachipadi Kimekuwa Kigumu? Angalia Betri Kwanza

Malalamiko haya tunayapokea sana dukani: laptopu inawaka vizuri, mshale unatembea, lakini kubofya ni mpaka ukandamize kwa dole gumba. Wengine huja wameshaambiwa na fundi wa kwanza kwamba tachipadi imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi tachipadi ni nzima. Kinachoisumbua kiko chini yake.

Kwenye laptopu nyingi nyembamba, betri imelazwa chini ya sehemu unayoegemeza viganja, na tachipadi iko hapo hapo juu yake. Betri ya lithiamu ikichoka huzalisha gesi ndani, vifuko vyake vikavimba. Ndani hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo vinaisukuma tachipadi kutoka chini, na ule upenyo mdogo wa kitufe kushuka unaisha. Huanza kwa ugumu tu. Baadaye kitufe kinajibofya chenyewe, faili zinafunguka hujazigusa. Ukiendelea kukandamiza, kioo cha tachipadi kinaweza kupasuka, na hapo gharama inakuwa ya vitu viwili.

Kuipima hakuhitaji bisibisi. Zima laptopu, ifunge, iweke juu ya meza iliyonyooka, kisha gusa kona zake moja moja. Ikichezacheza, mfuniko usipokaa sawa, au ukiinama ukaona tachipadi imeinuka kuliko pembeni yake, chomoa chaja na usiiwashe tena. Na tafadhali, betri haitolewi hewa kwa sindano! Ikitobolewa inaweza kushika moto mkononi mwako. Usiitupe kwenye jalala pia, ilete tuitoe.

Joto na umri ndivyo vinavyozimaliza betri hizi, pamoja na kushinda kwenye chaja ikiwa imejaa 100%. Laptopu ya kaunta isiyochomolewa asubuhi hadi jioni, kwenye joto la Dar es Salaam, iko kwenye hatari zaidi. Baadhi ya modeli zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80%. Uwashe kama unao.

Betri ikiwa bapa, tunatazama swichi. Ni kidude kidogo chenye kuba la bati, dogo kuliko punje ya dengu. Likibonyea na kurudi ndipo unaposikia ule mlio wa "tik". Soda au chai ya maziwa ikimwagika, sukari hukauka kandokando ya tachipadi na kuigandisha. Tunafungua, tunasafisha kwa spiriti ya isopropili, tunaacha ikauke. Mafuta ya cherehani, ambayo wengine huyatia wakidhani yatalainisha, huganda na vumbi na kutuongezea kazi. Jingine ni skrubu ndefu iliyofungwa mahali pa fupi baada ya matengenezo ya awali, ncha yake ikaizuia tachipadi kushuka. Hiyo tukibadilisha skrubu, imekwisha.

Kuna ugumu ambao si ubovu. Tachipadi nyingi zimefungwa bawaba upande wa juu, karibu na kibodi, hivyo chini zinabofyeka kirahisi na juu hazibonyei kabisa. Zimetengenezwa hivyo. Nazo MacBook Pro nyingi kuanzia 2015, na MacBook Air kuanzia 2018, hazina kitufe kinachoshuka: kinachokupa hisia ya kubofya ni mtetemo, na mashine ikizimwa unabonyeza kioo kikavu. Hizo usizihukumu zikiwa zimezimwa.

Kama betri iko salama na kazi haiwezi kusubiri, tumia kugonga, yaani kugusa tachipadi kidogo kwa kidole bila kukandamiza, badala ya kubofya. Kwenye Windows 11 ingia Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Touchpad, uwashe kugonga chini ya Taps. Kidole kimoja kinachagua, viwili vinafungua menyu ya kitufe cha kulia. Au chomeka mausi ya kawaida. Kwa laptopu ya zamani isiyotoka mezani, hatuoni haja ya kukuuzia tachipadi mpya.

Kabla ya kuja, tutumie picha ya lebo iliyo chini ya laptopu yako tukuambie kama betri yake ipo dukani au ni ya kuagiza. Njoo na chaja yake. Paswedi baki nayo: tachipadi tunaipima kwa kuiwasha laptopu kupitia flashi yetu, bila kuingia kwenye mafaili yako.