Risala ya Kikundi cha Ngoma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Bi Kidude

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi Mwenyekiti, mama zetu makungwi, majirani wa Bububu na wageni wote, assalaam alaykum.

Nimepewa kazi ya kusoma risala hii kwa sababu moja tu: bibi yangu alikuwa mwari wa Bi Kidude. Kwa mtu wa Unguja hapo nimeshamaliza, lakini wewe Mheshimiwa umetoka mbali, basi niruhusu nieleze.

Walimwengu walimjua Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, jukwaani, mwimbaji wa taarab na unyago. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya, na hapa Unguja, Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara, watu walimshangilia hata hajafungua kinywa. Nyumbani kwetu alikuwa somo. Somo humfunda msichana aliyevunja ungo, na baada ya hapo hamwachi mkono: harusini yupo, uzazini yupo, na mume akileta ukorofi yeye ndiye wa mwanzo kujua. Mafunzo yenyewe hayasomwi kwenye kipaza sauti, na mama zetu hapa mbele wananikodolea macho, kwa hiyo nayaruka. Ila usomo ule ndio uliofanya nyumba mbili ziwe moja. Yeye hakujaaliwa mtoto. Mama yangu alikua akijua ana bibi wawili, mmoja wao anavuta sigara.

Tukimuuliza umri alisema kazaliwa zama za rupia. Jibu hilo halikutusaidia, maana rupia ilitumika hapa mpaka kuingia 1936. Pesa za safari nazo hazikulala kwake; akirudi leo, kesho keshazigawa, na bibi humgombeza huku akimpakulia wali.

Alifariki hapahapa Bububu, tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa Kitumba. Wakubwa wa nchi walikwenda kuzika. Bibi alibaki msibani na wanawake wenzake, na aliporudi nyumbani hakusema neno. Alikwenda uvunguni, akautoa msondo wake, ile ngoma ndefu ya unyago, akaufunika kanga.

Mheshimiwa, msondo huo ndio uliopo mbele yako. Bado unalala uvunguni, pamoja na ngoma nyengine za kikundi. Masika ikiingia ngozi zinalegea, tunaziotesha moto wa makumbi, na mwaka huu mbili zimepasuka. Tunaomba chumba kimoja kikavu, sakafu ya saruji inatosha, na ngozi za kuwambia hizo mbili. Tunaomba pia utusemee kwa wazee wa wanafunzi wa skuli, mabinti waruhusiwe kuja Jumamosi kujifunza kupiga. Kupiga tu, hayo mengine wana masomo wao.

Ngoma imeshaota moto. Bibi kaniagiza nikwambie kwamba mgeni asiyesimama kucheza hapewi pilau.

Tunaomba kuwasilisha.