Usipande ndege kabla hujafika Narung'ombe

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Simu hupokei, na ukipokea unasema "mama niko kwenye foleni, nitakupigia," halafu ndiyo basi. Nimempa mdogo wako karatasi hii akuletee mpaka mkononi, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka umeisoma yote, hata ukimpa hela ya bodaboda.

Nilikwenda mtaa wa Narung'ombe kumtazama Bibi, mjane wa Babu, yule mzee wa sarafu uliyekuwa ukikaa naye mezani. Eda inamwendea salama, alhamdulillahi, ila amepungua sana na miguu imeanza kumvimba. Wakati natoka, kaka yake akanivuta pembeni pale barazani. Kuna bwana amekuja na gari, mtanashati, kajitambulisha kuwa rafiki wa marehemu. Anasema kasha la sarafu atalichukua lote kama lilivyo kwa laki mbili taslimu, "ili kumsaidia mama." Rafiki gani huyo asiyeonekana mazikoni wala kwenye kisomo? Ameambiwa apite tena wiki ijayo. Wiki ijayo wewe utakuwa Muscat.

Kwa hiyo nakuomba, na ukitaka ihesabu kuwa amri: usipande ndege kabla hujafika Narung'ombe, ukalifungua kasha lile na kuandika kilichomo, kimoja kimoja.

Utaniambia Babu ana watoto wake. Anao, mabinti wawili, Mungu awahifadhi, na wote wawili ukiwawekea mezani rupia ya Mjerumani na shilingi ya Mwingereza watakuuliza ipi inapokelewa dukani. Siwalaumu, yeye mwenyewe aliwaacha wafuate walichokipenda. Aliyekaa naye mezani ni wewe. Na yule mjukuu wake ndiye aliyenitia kiwewe zaidi kuliko hata mnunuzi. Nimemkuta uani na bakuli la ndimu na majivu, anasugua. Anasema anataka ziwake zipate bei. Nikampokonya mbili, moja imeshang'aa yote, herufi zimeanza kulika. Wewe ndiye uliyeniambia mimi, ukiwa huna hata sharubu, kwamba ule weusi juu ya fedha na ile rangi ya kahawa juu ya shaba ndiyo ngozi ya sarafu, ukiitoa umeichuna, na mnunuzi anayejua anaona papo hapo. Nilijaribu kumweleza yule mtoto, akanitazama tu. Wewe atakusikia.

Waliokuja kuzika uliwaona? Hukuwaona. Ulifika jeneza limeshatoka, ukasema foleni ya Ubungo, na mimi nimeshasema sikulaumu tena kwa hilo. Walikuja makonda wa daladala, wale waliokuwa wakimwekea sarafu ngeni ambazo abiria huwapachika gizani. Alikuja yule sonara wa Kisutu na wanawe. Huyo alikuwa hayeyushi mkufu wa zamani kabla hajamwita Babu autazame, maana reale nyingi za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za zamani, zimeishia kwenye moto wa masonara bila mtu kujua. Na alikuja kijana mmoja kutoka Kilwa Masoko, kasafiri usiku kucha. Siku za nyuma alimletea Babu rupia aliyoiokota wakati wanachimba msingi, akiamini ameukata, si unajua wanavyoambiana mitaani kwamba kuna Mzungu ananunua rupia ya Mjerumani kwa bei ya nyumba. Babu akamwambia ukweli. Akamwonyesha yeye anazo kadhaa za aina hiyohiyo, akamnywesha chai, akampa na nauli ya kurudi. Yule kijana alilibeba jeneza mpaka makaburini, kila wakitaka kumpokea anakataa.

Sasa mtu ambaye angeweza kuwala wote hao na hakuwala, vitu vyake viende kwa laki mbili kwa mtu wa gari?

Mimi nilikuwa napita tu na sinia la chai, lakini hata mimi naweza kuhesabu kidogo. Kuna zile za shaba za Sayyid Barghash, zenye mizani, za mwaka 1299 wa Hijria. Wewe ulizisoma tarehe kabla hujajua kusoma saa, na nilitamba nazo kwa mashoga zangu mpaka wakanichoka. Kuna pesa za ile kampuni ya Kijerumani, za 1890, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, maana walijua watu wa pwani wanasoma nini. Kuna rupia zao zenye Kaiser, mfalme wao, na kofia yake ya chuma, gramu 11 na ushei kila moja, karibu fedha tupu. Huyo bwana wa laki mbili bila shaka ameshazipigia hesabu hizo peke yake kwa uzito wa fedha, na zilizobaki kwake ni nyongeza. Kuna hela za baada ya 1904, serikali yao ilipoacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia na kuweka heller 100, na ile ya heller 5 ya shaba, kubwa mpaka mtoto akiishika inamjaa kiganja.

Halafu zile za Tabora. Unajua mwenyewe alivyokuwa nazo. Mwaka 1916 vita vimepamba moto, bahari imefungwa, sarafu kutoka kwao haziji, Wajerumani wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli. Zimetoka mbovumbovu, hazikukaa sawa, zina herufi T. Mtu mwingine angezitupa. Yeye ukimuuliza ipi anaipenda anakuonyesha hiyo ya heller 20, anasema hii ilitengenezwa na watu walioshikwa pabaya. Ile ya dhahabu, ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Kwa hiyo mtu akisema kasha lina dhahabu ya Tabora, anasema uongo, na mtu akimletea Bibi ya kumuuzia, naye ni mwongo zaidi. Waambie hilo mabinti kwa mdomo wako, wasije wakagombana kwa kitu ambacho hakipo.

Na senti 10 yenye tundu ya 1936. Ile ya mfalme Edward wa Nane, aliyeng'atuka hata taji hajavikwa. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikutolewa zikatumika, huku kwetu zenye jina lake zilizunguka sokoni, kwa sababu ya tundu tu: sura haikuwa na pa kukaa, likaandikwa jina na kazi ikaendelea. Babu alikuwa akicheka mwenyewe kila akiishika. Bei yake haifiki popote, zipo nyingi. Lakini mpe anayeijua habari yake.

Zile za 1966, za Mwalimu, ya samaki, ya mbuni, ya sungura na ya mwenge, usizitie kwenye orodha ya kuuza. Alimpa Bibi mwenyewe, zimo kwenye kitambaa cha hudhurungi. Waulize wanawe, na wao wanajua.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili, maana nakujua moyo wako. Kuna kikopo cha dawa chenye mfuniko wa bluu. Ndani mna vile visarafu vya masultani wa kale wa Kilwa, vyembamba, vilivyoliwa na chumvi. Utataka kuchukua kimoja cha ukumbusho ukiweke kwenye pochi. Usichukue. Vitu vya kabla ya 1863 vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964, haviuzwi kiholela wala havitolewi nchini bila kibali, na mimi sitaki kusikia umezuiwa uwanja wa ndege mbele za watu kwa kipande cha shaba. Babu mwenyewe alikuwa akisema hivyo vya masultani si vyake, anavitunza tu. Alisimulia mara ngapi ile habari ya askari wa anga wa Australia aliyeokota sarafu za Kilwa kwenye kisiwa cha kwao mwaka 1944, tano kwa jumla, na mpaka leo wataalamu wanabishana zimefikaje kule? Mimi nilikuwa naona ni hadithi ya kupitisha jioni. Basi kikopo kile kipeleke Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, na kaka yake Bibi awepo, mpate na karatasi ya kupokelewa. Usikiache nyumbani kwa watu.

Ya mirathi unayajua, ila nakukumbusha. Kasha ni mali ya marehemu. Bibi ana thumuni yake, mabinti wana fungu lao, na kabla ya yote kuna madeni kama yapo. Utagawaje kitu ambacho hakina orodha? Likiuzwa kwa laki mbili, mjane atapata elfu ishirini na tano, na itasemwa haki imetendeka. Mimi huko nyuma nilikuwa nikisema mzee yule anakupotezea muda wa masomo, badala ya hesabu mnahesabu vyuma. Nilisema hata mbele yake. Aliniongezea sukari kwenye chai. Na hesabu ukafaulu, haya, tuendelee.

Nenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Bibi yuko edani, kwa hiyo usipitilize ndani kama ulivyozoea. Kaa barazani na kaka yake, kasha litolewe hapo. Chukua bahasha ndogo za khaki na penseli, usitumie kalamu ya wino. Mifuko ya nailoni hapana, joto la hapa likishika zinatoka kijani na kunata. Tandika kitambaa mezani kama alivyokuwa akifanya, ikidondoka isipate kovu. Mizani muombe sonara, nimeshaongea na mwanawe, hatakataa. Orodha iandikwe mara tatu: moja ya kaka yake Bibi, moja ya msimamizi wa mirathi, moja ubaki nayo wewe. Usiandike bei. Andika kitu, mwaka na hali yake. Bei watatafuta kwa utulivu eda ikiisha, na kuna wale wenzake wa Unguja na Mombasa aliokuwa akiandikiana nao, wanaojua kutoa bei ya haki. Barua zao zimo chini ya kasha.

Usiniambie "nikirudi likizo." Mkataba wako ni wa miaka miwili. Miaka miwili ndimu zitakuwa zimekwisha sokoni, sembuse sarafu.

Ya safari. Pasipoti yako nakili kurasa zote uniachie. Mwajiri akitaka kukaa nayo muulize kwa nini, kwa adabu, lakini muulize. Viatu vile vyeusi vimepasuka soli, usijidanganye kwamba havionekani. Nimekukaangia kisamvu kikavu na dagaa, najua utasema kule kuna kila kitu, wewe beba tu. Pesa ya kwanza usinitumie mimi, lipa kwanza deni la yule fundi wa kompyuta maana kila nikipita ananiamkia kwa sauti ya kudai. Sala usiache. Na mimi najivuna nawe, hilo usinitake nilirudie, nimemwambia kila mtu Magomeni mpaka muuza mkaa anajua unakwenda Oman na kazi ya ofisini.

Hapa nyumbani pampu ya maji imekufa tena. Fundi anasema ni mota, mimi nadhani ni yeye. Bati la upande wa jiko limeachia na vuli ndiyo hiyo inakuja, tafuta hata saa moja ulipigilie. LUKU imebaki kidogo, ukipata nafasi tuma. Kitanda chako nampa mdogo wako, usinune, atakirudisha.

Yeye naye anataka kwenda nawe Narung'ombe Jumamosi. Mchukue. Yeye ndiye aandike orodha, mwandiko wako hata Babu alikuwa akiusomea kwenye lenzi.

Mama yako,
Magomeni