Kabla Hujateremka Milima ya Alps na Kampavani Yetu

Wiki mbili zilizopita mteja wetu alirudisha kampavani, gari la kulala na kupikia ndani, na hata kabla hajazima injini nilishasikia harufu. Nikachuchumaa kuangalia magurudumu ya mbele: diski zimegeuka rangi ya bluu, pedi za breki zimekuwa ngumu na zinang'aa kama kioo. Alikuwa ameteremka Stelvio na mkewe na watoto watatu, mguu haukutoka kwenye breki tangu juu hadi chini. Walifika salama, alhamdulillahi. Lakini siku hiyo nililala vibaya, ndiyo maana ninaandika.

Stelvio ni barabara ya kuvuka mlima iliyo Italia, karibu na mpaka wa Uswisi, mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Upande wa Prad, kijiji kilicho chini yake, una kona kali 48, na katika kilomita kama 25 unashuka zaidi ya mita 1,800. Kampavani yenye tangi limejaa maji, mitungi ya gesi, baiskeli, vyombo na watu watano inakaribia tani 3.5. Uzito wote huo ukiachiwa pedi peke yake, zinapata moto kuliko zinavyoweza kupoa. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na ukikanyaga, mguu unazama hadi chini bila gari kushika.

Aliyewahi kupita mlima Kitonga, kule Iringa, kwa basi anajua dereva anavyofanya: gia nzito mapema, injini inaunguruma, gari linashuka limeshikwa. Fanya hivyo hivyo. Ingiza gia ya pili ukiwa bado juu. Gari la otomatiki nalo linakuruhusu kuchagua gia kwa mkono, tutakuonyesha. Breki ikanyage kwa nguvu, kwa muda mfupi, halafu iachie ipoe. Wakikupigia honi nyuma, tafuta pa kuegesha, wapishe, mchemshe chai.

Ila chanzo hasa ni ratiba. Wengi wanataka Austria, Italia na Uswisi kwa siku nne, kwa sababu kwenye ramani ya simu zinaonekana zimegusana. Milimani kilomita 100 zinaweza kula nusu siku, na dereva anayefukuzana na saa ndiye anayeunguza breki.

Anayekuja mara ya kwanza ninamwambia apande kutoka Landeck, Austria, hadi njia ya mlimani ya Reschen, kimo cha mita 1,507 tu. Huko juu mnara wa kanisa umesimama peke yake ndani ya ziwa. Kijiji cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Watoto watauliza maswali mpaka usiku. Kisha shukeni polepole hadi bonde la Vinschgau, mlale siku tatu katikati ya mashamba ya matufaha, mtembee kwa miguu hadi Glurns, kamji kadogo ambako bado kamezungukwa na ukuta wake wa kale. Stelvio mkiitamani, acheni gari kambini Prad, mpande na basi. Dereva naye apate kutazama mlima.

Mafuta ya breki tunabadilisha kila mwaka, na pedi tunazikagua kila gari linaporudi. Siku ya kuchukua funguo, tenga saa moja zaidi. Tutatoka pamoja hadi kwenye mteremko wa karibu, mizigo yako yote ikiwa ndani, na usukani utakuwa mikononi mwako.