Masika mliyotuandikia si masika yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mkulima wa mboga hapa Igombe, Ilemela, na mafungu yangu nayapeleka soko la Kirumba, mjini Mwanza. Mwaka jana, mwezi Februari, safu yenu ya kilimo iliandika kwamba spinachi ina msimu mfupi, haipendi joto, kwa hiyo ipandwe masika na vuli. Nilikikata kipande kile nikakibandika ukutani jikoni. Machi ilipofika nikatii.

Nilinunua pakiti mbili kwenye duka la pembejeo mjini, spinachi ya kutoka nje, mbegu zake za duara kama punje za mtama. Nikainua matuta manne na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuiva. Karibu nusu ya mbegu hazikuota. Zilizoota zilitoa vile vijani viwili vya mwanzo, vyembamba kama ulimi wa ndege, halafu mvua ikaja. Watu wa huku mnaijua mvua yetu, haibishi hodi, inatokea ziwani usiku imeshakasirika. Asubuhi nikakuta miche imelala chini, shina limenywea kama uzi uliolowa pale linapogusana na udongo. Iliyosimama ilikuwa imepakwa tope mpaka juu. Kwenye matuta manne nilipata fungu moja, Mhariri, nalo tulilila wenyewe.

Mdogo wangu anaishi Winnipeg, Kanada. Nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka nikataka kukata. "Dada, hiyo masika waliyokuandikia ni ya huku kwetu."

Akanieleza. Kwao ardhi huganda miezi mingi. Baridi inayogandisha umande, ile ambayo wenye kamusi huiita sakitu, huisha mwishoni mwa Mei na kurudi mnamo Septemba. Katikati hapo ndipo mtu alime kila kitu. Spinachi inavumilia baridi hiyo, kwa hiyo wao huiwahisha wiki nne hadi sita kabla sakitu haijaisha, udongo unapoanza tu kulainika. Baada ya siku 40 hadi 50 wanachuma. Wakichelewa, Juni inawakuta, na Juni ya kwao jua bado linaonekana saa tatu na nusu usiku. Mchana ukirefuka hivyo, na joto likipanda, spinachi huacha majani ikarefusha shina la maua, na jani likawa chungu. Ndiyo maana hupanda tena Agosti, ili ikomae siku zikiwa zinafupika.

Basi nikaelewa. Mwandishi wenu, nadhani, alifasiri. Majira yao ya kuchipua akayaita masika, majira ya majani kupukutika akayaita vuli. Maneno hayo hayana kosa, yamo hata vitabuni, lakini ukimwambia mtu wa Mwanza "masika" anaona mvua ya Machi mpaka Mei, na ukimwambia "vuli" anaona Oktoba mpaka Desemba. Mmetuambia tupande jani laini kuliko yote wakati wa mvua kubwa kuliko zote.

Hapa kwetu hakuna sakitu ya kukimbizana nayo. Tuko karibu na ikweta, mchana na usiku vinagawana saa 12 kwa 12 karibu mwaka mzima. Kinachotufupishia msimu ni maji, yakizidi au yakipungua, pamoja na jua la mchana. Mimi spinachi yangu ya sokoni naisia kitaluni mvua zikianza kukatika, kuanzia wiki ya tatu ya Mei, na kuhamisha miche Juni. Usiku wa Juni na Julai una kaubaridi, magonjwa ya majani yanapungua, na wateja wapo. Masika kila nyumba ina mchicha na majani ya maboga ya bure, nani atanunua spinachi yangu? Kiangazi wanaonitafuta ni wale wale waliochoka nsansa, mboga zetu za majani zilizokaushwa.

Kazi yake ni kumwagilia, asubuhi na jioni. Shamba langu liko nyuma ya zile mita 60 ambazo sheria inataka ziachwe kando ya ziwa, kwa hiyo ndoo zinatembea. Wapo wanaolima mpaka majini wakituona wajinga. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda niliwaona wakichuma sukuma wiki wamekunja suruali.

Na jambo la pili, ambalo pengine lingekuwa la kwanza. Spinachi tunayouza Kirumba, yenye jani pana lililokunjamana na bua jeupe nene, si hiyo ya Kanada kabisa. Hii yetu ni ndugu wa bitiruti. Mbegu yake ina makunyanzi kama kipande cha kizibo, na moja hutoa miche miwili mitatu, lazima upunguzie. Ukiomba Fordhook Giant dukani utapewa hiyo. Inavumilia joto la huku, na ukichuma majani ya nje ukaacha moyo, unakula miezi. Ile nyingine nilibaki nayo nusu pakiti nikaijaribu tena Juni, kando ya migomba, upande usiopigwa na jua la mchana, nikaiezekea nyasi. Ilitupa majani ya wiki tatu, matamu kweli, kisha ikachanua. Kwa nyumbani inafaa. Kwa biashara, mimi hapana.

Kwa hiyo ombi langu kwa safu ya kilimo ni dogo. Mkiandika lini tupande, andikeni mwezi, na mseme ni mwezi wa wapi, maana hata Bukoba ng'ambo ya ziwa mvua zake si zetu. Na mkisema spinachi, mtueleze ni ipi, ya mbegu ya duara au ya makunyanzi.

Kipande chenu bado kiko ukutani. Nimefuta "masika" kwa kalamu ya mwanangu nikaandika "mwisho wa Mei". Pale kwenye "vuli" nimepaacha kwanza, Oktoba hii nataka kujaribu tuta moja chini ya neti.

Mkulima wa mboga,
Igombe, Mwanza