Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyekutwa na mabadiliko atibiwe siku hiyo hiyo

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: WANAWAKE WENYE MABADILIKO YA AWALI YA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha kijijini. Saratani ya mlango wa kizazi ikitajwa, mawazo ya wengi huenda Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, kwenye foleni ya mionzi. Mimi nakuandikia kuhusu wanawake ambao bado hawajafika huko na hawana sababu ya kufika. Ugonjwa huu huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi vya HPV, vinavyousababisha, viingie mwilini hadi saratani ijitokeze. Kwa mwenye kinga dhaifu huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Wanawake hao si wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwanamke mmoja hadi wawili katika kila 100 hupata kila mwaka mabadiliko mazito yanayoweza kugeuka saratani. Kwa wanaoishi na VVU, makadirio hufika 10 katika 100. Hawaumwi popote, hawatokwi damu, wanalima na kuuza sokoni kama kawaida. Ni kweli kwamba si kila badiliko huishia kuwa saratani, lakini nchini kwetu wanaokadiriwa kuipata kila mwaka wanazidi 10,000, na wanaofariki wanazidi 6,000.

Kupima tunaweza. Mama anapanda kitandani, naweka spekula, kifaa cha kufungulia uke, napaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa kwa pamba, kisha nasubiri dakika moja. Palipo salama hubaki na rangi ya waridi, penye mabadiliko hugeuka peupe, na ukingo wake huonekana wazi. Mama huuliza, "Nesi, umeona nini?" Namweleza kwamba si saratani, kwamba inatibika, na kwamba tiba yenyewe ni ya muda mfupi: tunagandisha sehemu hiyo kwa gesi baridi dakika tatu, tunaacha dakika tano, tunagandisha tena dakika tatu, anarudi nyumbani.

Halafu namwambia mtungi wa gesi umekwisha.

Namwandikia rufaa ya hospitali ya mkoa. Hapo anaanza kupiga hesabu: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, nani atabaki na mtoto, mume atasemaje. Wapo wanaokwenda. Wapo ambao ile karatasi inafungwa kwenye pindo la khanga, mvua zinaanza, shamba linaita. Siwezi kumlaumu mtu asiyeumwa kwa kutosafiri kutafuta tiba. Wenye doa kubwa au wanaoshukiwa kuwa na saratani yenyewe ni lazima waende mkoani, na hao siwasemei hapa. Nawasemea wale ambao tiba yao ingeishia mikononi mwangu.

Kuhusu mabinti, Serikali imefanya vizuri na nasema hivyo kwa moyo wote. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini chanjo haiondoi mabadiliko ambayo mama zao tayari wanayo.

Mheshimiwa, vipo vifaa vidogo vinavyotibu kwa joto, vinavyotumia umeme au betri na visivyohitaji gesi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Naomba kila kituo kinachopima kwa siki kiwe nacho, na vituo vyenye CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, vitangulie, kwa sababu akina mama wetu wa CTC ndio wenye muda mfupi zaidi.

Ombi langu la pili halihitaji fedha nyingi. Kila kampeni ikiisha tunatangaziwa wangapi wamepimwa. Lengo la dunia la mwaka 2030 linataka pia asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Rejista tunazijaza, taarifa tunazipeleka wilayani kila mwezi. Naomba katika hotuba yako ijayo ya bajeti utusomee, mkoa kwa mkoa, wangapi walikutwa na mabadiliko na wangapi kati yao walitibiwa siku hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mkunga, kituo cha afya