Jicho vivu: wazazi waambiwe njia zote

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tororo. Mwaka jana mwanangu wa miaka mitano alikuwa akihesabu vifungo mezani pangu, dadake akamziba jicho la kulia kwa kiganja, mchezo tu wa watoto. Akanyamaza. Mkono ukaanza kupapasa meza, na vifungo vyenyewe vilikuwa vyeupe juu ya kitambaa cheusi.

Zahanati ya kwanza waliniambia macho hayana makengeza, atakua tu, yatakaa sawa. Nikapoteza miezi saba, na bado inaniuma. Kumbe lile la kushoto lilikuwa jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haulitumii vizuri, na jicho vivu si lazima lipinde. La mwanangu limenyooka kabisa, ila namba yake ya miwani inapishana sana na ya mwenzake, basi ubongo ukazoea kupokea picha ya jicho zuri na kuiacha ile nyingine.

Daktari wa macho alianza na miwani. Wapo watoto wanaopona kwa miwani peke yake. Wangu alipata nafuu kwa miezi minne, kisha ikagota. Ndipo tukaingia kwenye kibandiko cha kuziba jicho zuri. Jirani zangu walishikilia kwamba asipokivaa kutwa ni kazi bure, nami nikawa namgombeza mtoto anayelia huku ngozi inamwasha kwa joto. Kumbe utafiti wa Marekani uliotoka 2003, kwa watoto wa chini ya miaka 7 ambao uvivu wa jicho lao ni wa kadiri, ulionyesha kwamba baada ya miezi 4 waliovaa saa 2 kwa siku walipata nafuu sawa na waliovaa saa 6. Jicho likiwa limezorota sana, daktari huanza na saa nyingi zaidi.

Tena kuna matone ya atropini. Yanatiwa kwenye jicho zuri, linaona ukungu kwa karibu, na lile vivu linalazimika kufanya kazi. Utafiti wa 2002 uliyalinganisha na kibandiko: kibandiko kilitangulia kidogo, lakini kufikia miezi 6 tofauti ilikuwa ndogo mno. Baadaye ikaonekana Jumamosi na Jumapili tu zinatosha kwa wengi. Sisi tulihamia huko. Jua humchoma jicho lililotiwa matone, kwa hiyo havui kofia, na chupa naifungia kabatini kwa kufuli, maana mtoto akiyanywa ni sumu.

Hakuna aliyenitajia matone mpaka nilipouliza mwenyewe. Naomba madaktari wamwekee mzazi njia zote mezani, wamweleze na shida za kila moja, kisha waamue pamoja. Na walimu wa chekechea wawapime watoto jicho moja moja, lingine likiwa limezibwa. Baada ya miaka 7 matibabu bado yanaweza kusaidia, lakini kazi huwa nzito zaidi.

Mama na fundi cherehani,
Tororo