Barolo haitaki kila nyama

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kanuni inayorudiwa kila panapoandikwa habari za divai, kwamba nyekundu ni ya nyama na nyeupe ni ya samaki. Kwa divai kama Barolo ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kanuni hiyo haitoshi, na anayeitegemea peke yake anaweza kufungua chupa ya gharama kubwa na kuishia kukunja uso.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, zinazolimwa katika vilima vya Langhe, na sheria inaitaka ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao. Ile iitwayo Riserva hungoja miezi 62. Macho hudanganyika na Barolo. Ikimiminwa kwenye glasi huonekana nyepesi, nyekundu iliyopauka ambayo ukingoni huelekea rangi ya chungwa kadiri inavyozeeka, nayo hunukia waridi na lami. Kumbe kileo chake hakishuki chini ya asilimia 13, na ukakasi wake hukausha ulimi kama wa tunda bichi.

Ukakasi huo hutokana na tanini, yaani viambata vya maganda na mbegu za zabibu, ambavyo hushikamana na protini zilizomo katika mate, ndiyo maana kinywa huhisi kikavu. Mtu akila nyama yenye mafuta au jibini, tanini hupata protini nyingine, pamoja na mafuta hayo, vya kushikamana navyo, na divai ile ile iliyokuwa kali hulainika. Kwa hiyo la kuuliza ni sahani ina mafuta kiasi gani, na imepikwaje. Kidari cha kuku kilichochomwa hadi kikakauka ni nyama, lakini hakiifai Barolo. Tambi za mayai ziitwazo tajarin, zilizokorogwa kwa siagi na kunyunyiziwa vipande vyembamba vya uyoga mweupe wa mji wa Alba huko Piemonte, ule uotao chini ya ardhi, hazina nyama hata kidogo, nazo huifaa sana.

Kosa hili nalijua kwa kulifanya. Mjini Alba niliagiza Barolo changa pamoja na samaki wadogo wa chumvi katika mchuzi wa kitunguu saumu na majani mabichi, chakula cha huko huko, nikiamini kwamba majirani hawakosi kupatana. Funda la kwanza lilikuwa kama kulamba msumari, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo katika divai nyekundu hayapatani na mafuta ya samaki. Mhudumu hakunisema, aliisogeza glasi kando, na baada ya karibu saa nzima, divai ikiwa imekwisha kupumua, yaani kupata hewa, akairudisha pamoja na kipande cha jibini ya Castelmagno, ile inayomeguka kama chokaa. Sikuamini kuwa ni glasi ile ile.

Wenyeji huisifu zaidi brasato al Barolo, yaani nyama ya ng'ombe inayolazwa usiku kucha katika divai hiyo pamoja na karoti, vitunguu, mdalasini na karafuu, kisha ikapikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa hadi ikatike kwa kijiko. Nakubali sifa hiyo, ila kuimwaga sufuriani chupa iliyotunzwa miaka kumi naona ni israfu. Divai ya kawaida ya Nebbiolo kutoka Langhe inatosha kupikia, na Barolo ibaki mezani. Pilipili nyingi iepukwe, kwa kuwa kileo huzidisha mwasho, wala divai yenyewe isitiwe kwenye barafu, maana baridi huuchochea ukakasi. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zatosha.

Ombi langu kwa waandishi wa kurasa za mapishi ni kwamba watakapotaja divai ya kuandamana na sahani fulani, wataje pia ukakasi wa divai hiyo na mafuta ya sahani yenyewe.

Msomaji wenu